Cheti cha malipo kimekaa mezani wiki tano na ninaombwa "cha juu": mkandarasi mdogo ajilinde vipi?

MkandarasiDarajaLaSita aliandika:

Ndugu zangu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaleta jambo hili kwa maandishi marefu kidogo kwa sababu nimejaribu kulieleza kwa simu kwa watu wawili wa karibu, na wote wawili wameniambia "toa yaishe" kabla sijafika katikati ya maelezo.

Mimi ni mkandarasi wa majengo wa daraja la sita. Nilishinda zabuni ya kujenga vyumba vinne vya madarasa na ofisi ya walimu katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Zabuni ilipitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kuanzia tangazo hadi tuzo, na niseme ukweli kwamba katika hatua zote hizo hakuna mtu aliyeniomba hata maji ya kunywa. Nilipakia nyaraka nikiwa ofisini kwangu, bei zikafunguliwa kwenye mfumo, taarifa ya kusudio la kutoa tuzo ikaja, muda wa malalamiko ukapita bila mtu kulalamika, na mkataba wa shilingi milioni 187 ukasainiwa. Siku ile nilimwambia mke wangu kwamba habari za bahasha sasa ni hadithi za wazee.

Kazi ilipofika kwenye renta niliomba malipo ya kwanza, kiasi cha shilingi milioni 61. Mhandisi alikuja, akapima, akasaini cheti cha malipo. Tangu hapo zimepita wiki tano. Nimekwenda halmashauri mara saba. Mara jalada liko kwa fulani, mara fulani yuko semina Dodoma, mara mtandao uko chini. Alhamisi iliyopita ofisa mmoja anayehusika na malipo alinisindikiza hadi kwenye gari langu chini ya mwembe, akaniuliza habari za watoto, akasifia ubora wa tofali zangu, kisha akaandika kwa kidole "10" kwenye vumbi la boneti na kuifuta kwa kiganja kabla sijasema lolote. Alichotamka kwa mdomo ni kwamba mkono mtupu haulambwi, na akaniaga kwa heshima.

Nina mafundi kumi na wanne ambao hawajalipwa, na duka la vifaa limekataa kunipa saruji nyingine hadi nipunguze deni. Ninayo maswali mawili. La kwanza, nikitoa kwa kubanwa namna hii, sheria inanitazama mimi kama nani? La pili, ikiwa sitoi, ni hatua gani ninazoweza kuchukua ambazo hazitanifanya niwe yule "mkorofi" asiyepewa kazi tena? Naomba majibu ya watu waliowahi kukaa upande wowote wa meza hiyo.

Mzee wa Ugavi alijibu:

Ndugu Mkandarasi, nilikaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nikiwa ofisa ugavi katika halmashauri tatu tofauti. Nitakueleza ninayoyajua bila kujifanya malaika.

Uliposema kwamba kwenye zabuni hukuombwa kitu, nimekuamini. Mfumo wa kielektroniki umefunga mlango ambao zamani ulikuwa wazi mchana kweupe, kwa sababu bahasha za zabuni zilipokuwa za karatasi, mtu angeweza kuchungulia bei, kuchomoa ukurasa wenye dhamana ya zabuni, au kumpigia simu mzabuni wake dakika kumi kabla ya kufunga sanduku. Lakini fedha ya zabuni haitoki siku ya tuzo. Inatoka siku ya malipo, na mtu mwenye njaa husogea kule fedha inakotokea. Uliyoyakuta chini ya mwembe ni biashara ileile, imehama chumba tu.

Kuna chumba kingine ambacho pengine hukukipita, nacho ni kile cha kabla ya tangazo. Cha juu kinachonona zaidi hupandwa huko, ndani ya jedwali la gharama za kazi ambalo sote tunaliita BOQ. Nitatoa mfano niliouona kwa macho yangu. Ilikuwa zahanati, jengo la mita 8 kwa 14. Kifusi cha moramu cha kujaza chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, kilitakiwa kiwe na kina cha sentimita 45. Chukua kalamu uzidishe: haifiki mita za ujazo 51, tena hapo sijatoa unene wa kuta. BOQ iliandika 120. Mkandarasi alijaza bei yake kwa 120, akalipwa kwa 120, na thamani ya zile karibu 70 ambazo hazikuwahi kupakiwa kwenye tipa yoyote ilirudi kwa watu wawili ikiwa noti. Hakuna aliyeongeza bei, na ukilinganisha bei ya mita moja ya ujazo na bei za soko unakuta iko sawa kabisa, ndiyo maana kamati ya tathmini haikuona kitu. Wizi ulikuwa kwenye idadi, na ulikuwa kwenye kipengele ambacho jamvi likishamwagwa hakuna anayeweza kukipima bila sururu.

Fomu ya mapokezi ya kazi ile ina saini yangu. Sikupewa kitu, ila nilisaini kwa sababu wenzangu walikuwa wamekwisha kusaini na gari lilikuwa linasubiri. Nimeishi nayo hiyo saini.

Kwa hiyo kabla hujapambana na mtu wa malipo, kagua kwanza mkataba wako mwenyewe. Kama kuna kipengele kilichojazwa kupita kiasi, hata kama si wewe uliyekijaza, yule bwana anakijua, na atakitumia kukunyamazisha siku utakayofungua mdomo.

BintiMkaguzi alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Umeeleza jambo ambalo sisi wakaguzi wa ndani hulikuta mwishoni, wakati jamvi limekwisha kukauka.

Nimjibu ndugu Mkandarasi swali lake la kwanza, kwa kuwa hilo halina utata. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 hakimtazami anayepokea peke yake; anayetoa, anayeahidi na anayekubali kutoa wote wamo, na vifungu vinavyofuata vinagusa mikataba na ununuzi moja kwa moja. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 39, inamtaka mtu anayejua kwamba kosa la rushwa limetendwa au linakusudiwa kutendwa atoe taarifa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Zaidi ya hapo, mzabuni anayebainika kujihusisha na rushwa anaweza kufungiwa na PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma, asishiriki zabuni za umma kwa muda. Ukitoa hiyo "10", yule ofisa anakuwa na siri yako kama wewe unavyokuwa na yake, na tofauti ni kwamba yeye ana mshahara mwisho wa mwezi.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Ninaomba utazame kwa makini ni kitu gani hasa unachouziwa. Huyu bwana hana mamlaka ya kukataa malipo yako, kwa maana kukataa kunahitaji sababu, na sababu inahitaji kuandikwa na kusainiwa na mtu mwenye jina. Anachouza ni ukimya wake. Jalada likikaa mezani bila neno, hakuna kosa linaloonekana, hakuna barua ya kukata rufaa, hakuna tarehe ya kuanzia kuhesabu. Ndiyo maana ameandika kwenye vumbi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuuvunja huo ukimya kwa karatasi, bila kumtaja mtu na bila kutamka neno rushwa.

Fungua mkataba wako kwenye masharti ya jumla, utafute kifungu cha malipo. Mikataba ya ujenzi inayotumia nyaraka sanifu za PPRA kwa kawaida huweka siku 28 tangu cheti kitolewe, na huweka riba kwa siku zinazozidi, lakini usichukue neno langu, soma wa kwako. Kisha mwandikie Ofisa Masuuli, yaani Mkurugenzi wa halmashauri, barua ya ukurasa mmoja. Eleza tarehe ya kupima, tarehe ya cheti, kiasi, kifungu cha mkataba na siku zilizopita, halafu uliza swali moja tu: kuna hoja yoyote inayozuia cheti hiki? Kama ipo, uombe uipate kwa maandishi ili uijibu. Nakala iende kwa mhandisi, mweka hazina, mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi na mkaguzi wa ndani. Ipeleke mwenyewe masjala, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yako yenye muhuri usiiweke kwenye gari.

Barua hiyo haimtuhumu mtu yeyote, kwa hiyo haikufanyi mkorofi. Hata hivyo kila anayepata nakala sasa anajua kwamba siku ya ukaguzi ataulizwa alifanya nini baada ya tarehe ya muhuri ule. Mkurugenzi ndiye anayejibu hoja za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hakuna Mkurugenzi anayependa kulipa riba kwa ajili ya vumbi la boneti ambalo hata mgao wake hakuuona.

Kuhusu TAKUKURU, nenda mapema, kabla ya kutoa chochote, na usijaribu kutega mtego wako mwenyewe kwa kurekodi na kuweka noti alama kama tunavyosikia watu wakijisifu. Hiyo ni kazi ya wachunguzi, na mtego uliotegwa vibaya huweza kumnasa aliyeutega. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Si ngao ya chuma, lakini ipo.

NilifungaOfisi alijibu:

Dada Mkaguzi, nimesoma maelezo yako kwa heshima yote, nami nitasema yale ambayo wengi humu wanayajua ila hawataki kuyaandika. Wahenga hawakukosea waliposema penye udhia penyeza rupia. Mimi nilifanya kama unavyoelekeza. Niliandika barua, nikagongewa muhuri, na nililipwa, tena nilipewa hadi riba. Baada ya hapo nilishiriki zabuni sita katika eneo lile na sikupata hata moja. Mara moja niliondolewa kwa sababu hati ya mtambo wa kuchanganyia zege haikuonekana vizuri, ilhali hati hiyohiyo ilikubaliwa mwaka uliotangulia. Sababu ilikuwa halali kwenye karatasi. Mwishowe gari langu lilichukuliwa na benki, nami sasa ninauza mbao.

Tena niseme jambo ambalo linamhusu kila mkandarasi anayesoma hapa. Wengi wetu hatusubiri kuombwa. Tunapojaza bei tunaiweka ile asilimia kumi mapema kwenye gharama za maandalizi: kibanda cha mlinzi, bango la mradi, usafiri wa vifaa. Nani anajua bango la mradi lina thamani gani? Tukishaiweka, hatuoni tena kwamba tunatoa fedha yetu. Tunaona tunapitisha tu. Kwa hiyo anayelipa si mimi wala si yule ofisa, ni darasa ambalo lingekuwa na dari na likakosa. Ninalisema hili nikiwa nimelifanya kabla ya mwaka ule niliokataa.

Basi mniambie, mtu aliyejaza bei kwa uaminifu, bila hiyo kumi ndani, anashindanaje na aliyeiweka na anayejua italipwa haraka? Na huyu ndugu yetu, ambaye inaonekana hakuiweka, ataitoa kutoka kwenye nini? Faida yake yote kwa kazi ya ukubwa huo pengine haifiki hapo.

WakiliWaKujitegemea alijibu:

Ndugu NilifungaOfisi, sina jibu la kukurudishia gari lako. Ninachoweza ni kuleta kesi mbili kubwa zinazoihusu nchi yetu, kwa sababu zote mbili zinaonyesha ni wapi biashara hii hukamatika, nako siko watu wengi wanakodhani.

Ya kwanza ni ile ya rada. Serikali ilinunua mfumo wa rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28 hivi, na ikaja kubainika kwamba dola takribani milioni 12 zilikuwa zimelipwa kwa wakala wa hapa nchini kupitia kampuni zake. Fikirini uwiano huo: karibu theluthi moja ya bei. Lakini shauri lilipofikishwa katika mahakama ya Southwark jijini London mwezi Desemba 2010, kampuni ilitiwa hatiani si kwa kutoa rushwa bali kwa kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu, kwa kuwa malipo yale yaliandikwa vitabuni kana kwamba ni ya huduma za kitaalamu za kawaida. Faini ilikuwa pauni 500,000 tu, ila kampuni ilikubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, na fedha hizo zikaenda kwenye vitabu vya shule na madawati.

Ya pili ni ya mwaka 2015, katika mahakama hiyohiyo. Serikali ilikuwa ikitafuta dola milioni 600 katika soko la fedha, na ada ya mabenki yaliyoshughulikia mkopo huo ilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ililipwa kwa kampuni ya ndani iitwayo EGMA, ambayo hapakuonekana ushahidi kwamba ilifanya kazi yoyote. Mzee wa Ugavi ataitambua mara moja: ni kile kifusi chake ambacho hakikupakiwa. Benki ya Standard ilifikia makubaliano na waendesha mashtaka wa Uingereza ya kuahirisha mashtaka kwa masharti, yakiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini humo, ikatozwa faini ya dola milioni 16.8, ikaamriwa kuirudishia Tanzania zile milioni 6 pamoja na riba.

Ninachotaka mkione ni jinsi jambo la pili lilivyoibuka. Fedha ilipoingia kwenye akaunti ya EGMA, sehemu kubwa ilitolewa taslimu ndani ya siku chache, na wafanyakazi wa kawaida wa benki hapa Dar es Salaam ndio waliotia shaka na kupeleka habari juu. Mkataba ulikuwa umepita kwa mawakili na mabosi wa miji miwili. Wasiwasi ulianzia kwa watu wa kaunta. Kwa hiyo dada Mkaguzi anaposema nakala ziende kwa watu wanne, mimi ningeongeza kwamba miongoni mwa hao wanne huwa kuna mmoja asiye na mgao, naye hujui ni nani.

Juu ya hoja ya kunyimwa kazi baadaye, njia ya kisheria ipo, ingawa inachosha. Unapoondolewa kwa sababu usiyoiamini, lalamika kwa Ofisa Masuuli ndani ya muda uliowekwa, na usiporidhika nenda Mamlaka ya Rufaa za Zabuni za Umma. Wakandarasi wadogo wengi huacha muda upite kwa kuwa wamekata tamaa, na siku ukipita hata hoja nzuri namna gani haisikilizwi.

KandarasiMombasa alijibu:

Hamjambo ndugu wa upande huo. Hapa kwetu Kenya maneno ni mengine lakini maradhi ni yaleyale. Sheria yetu ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inatambua riba kwa malipo yanayochelewa, ila serikali za kaunti zina malimbikizo ya madeni ya wanakandarasi ambayo kila bajeti hutajwa na kila bajeti husalia. Deni linapokuwa refu namna hiyo, swali la nani alipwe kwanza huwa ni mali inayouzwa, maana fedha ikija kidogo lazima mtu achague faili.

Mwaka 2018, baada ya kashfa za wakati ule, rais wetu wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliamuru wakuu wa ununuzi na uhasibu wa wizara na mashirika wakae kando wachunguzwe upya, hata kwa mashine ya kupima uongo. Tulishangilia. Lakini foleni ya malipo ilibaki bila kuonekana na mtu wa nje, na aliyeketi kwenye kile kiti, awe mpya au wa zamani, aliikuta meza ileile yenye faili zilezile. Mimi naona kaunti ingebandika mlangoni, na mtandaoni, orodha ya vyeti vyote vilivyopokelewa kwa mpangilio wa tarehe, na anayerukwa aelezwe kwa nini. Mtu hawezi kukuuzia nafasi kwenye foleni ambayo kila mmoja anaiona.

NilifungaOfisi alijibu:

Hilo la foleni ya wazi ninaliunga mkono bila kusita. Hata hivyo bado ninauliza kuhusu fosi akaunti, kwa sababu kazi nyingi za madarasa na zahanati sasa hazifiki kwa sisi wakandarasi kabisa. Fedha inapelekwa shuleni, kamati ya kijiji inanunua vifaa, fundi wa mtaani anajenga. Tuliambiwa hiyo ndiyo dawa ya cha juu cha makandarasi. Je, imeponya, au imewahamishia walimu wakuu majaribu yetu?

BintiMkaguzi alijibu:

Kaka, imefanya yote mawili. Gharama imeshuka mahali pengi kwa sababu hakuna faida ya mkandarasi, lakini cha juu kimejifunza kuwa kidogo kidogo. Mwenye duka huleta nukuu tatu za bei, zote tatu ameziandika yeye kwa mihuri ya maduka matatu, na mwalimu aliyewekwa kwenye kamati ya manunuzi hana muda wala nauli ya kwenda kuhakiki.

Niwaeleze jambo moja nililokutana nalo. Shule ilikuwa imenunua nondo za milimita 12, risiti ya EFD ilisema hivyo, na hati ya kupokelea mali ilisema hivyo. Kwa macho, nondo ya 12 na ya 10 zikiwa zimefungwa kwenye mzigo na zimeshika kutu kidogo, mwalimu wa historia hawezi kuzitofautisha, wala hastahili kulaumiwa. Nilikuwa na mwanamama mjumbe wa kamati ya mapokezi, mnunuzi wa mahindi, ambaye alituletea mzani wake wa gunia. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na zaidi, karibu kilo 10.7, ya milimita 10 ni kilo 7.4 tu. Tulipima tano. Hakuna iliyofika kilo 8. Mwenye duka alikuja na gari kubadilisha mzigo jioni ileile, akidai kijana wake alikosea kupakia, na pengine alikosea kweli, sijui. Ninalojua ni kwamba mama yule sasa kila mzigo unapofika anaagiza mzani kwanza, na tofauti ya bei ya nondo mia mbili haipati tena pa kujificha.

Ndiyo maana mimi huwa siweki matumaini makubwa kwenye semina za maadili, ambazo ofisa wa chini ya mwembe huenda alikuwa anazihudhuria huko Dodoma. Mpe mtu wa mapokezi mzani, utepe na jedwali la uzito lililobandikwa ukutani stoo, halafu mpe ruhusa ya kuandika "sijapokea" bila kuitwa mbele ya mtu.

Mzee wa Ugavi alijibu:

Marahaba, binti yangu, na mfikishie salamu zangu mama wa mahindi. Niongeze tu kwamba katika utumishi wangu sikumbuki fomu ya mapokezi iliyorudi ikiwa na neno hilo la "sijapokea." Fomu tulizotumia zilikuwa na nafasi ya saini tano za kukubali, na hakuna hata mstari mmoja wa kukataa. Mtu aliyetaka kukataa alilazimika kuandika pembeni, kwenye ukingo wa karatasi.

MkandarasiDarajaLaSita aliandika:

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili kuwapa mrejesho, nikiwashukuru nyote, pamoja na kaka aliyefunga ofisi, kwa kuwa maneno yake ndiyo yaliyonifanya nifungue BOQ usiku uleule.

Barua niliipeleka Jumatatu. Kijana wa masjala aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina uhakika na nakala ya mkaguzi wa ndani, nami nikamwambia ninayo hakika, akagonga muhuri. Ofisi ya TAKUKURU ya wilaya pia nilifika na kueleza yote, nikaombwa nisizungumzie zaidi ya hapo, kwa hiyo mtaniwia radhi.

Siku ya nane nilipokea jibu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii lina saini na jina. Halikuniambia kwamba cheti kimekubaliwa. Linasema kuna hoja: idadi ya kifusi iliyopimwa inatiliwa shaka, na malipo yanasubiri vipimo vipya. Mzee wa Ugavi, nilicheka peke yangu. Nimepiga hesabu upya, na kwenye BOQ kipengele hicho kweli kimezidishwa, mita za ujazo 38 zaidi ya zinazoingia kwenye vyumba vile. Mimi nilijaza bei bila kuhakiki idadi, na cheti cha kwanza kilidai sehemu ya ziada hiyo. Nimeandika mwenyewe kuomba ipunguzwe. Kitakachobaki kwenye cheti ni pungufu ya milioni 61, lakini ni changu chote.

Kwa bahati vyumba viwili bado havijamwagwa jamvi, na kwa vile vingine tutachimba vishimo vya kupimia. Mhandisi amekubali tukutane kesho saa mbili asubuhi. Nimenunua utepe mpya wa mita 30. Ninauliza tu, Mzee, je, ni sawa nimwalike na mwenyekiti wa kijiji, au nitaonekana ninamletea mhandisi mashahidi?

Mzee wa Ugavi alijibu:

Mwalike, na umwambie mhandisi leo usiku ili asishtuke. Karatasi ya vipimo isainiwe palepale, si ofisini. Na picha za vishimo mzipige kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo kivuli cha ukuta wa mashariki kitakuwa kimetoka, jua litapiga utepe moja kwa moja, na namba hazitasomeka.